Gari Lililotangulia Jeneza

Tarehe kumi na mbili Machi tulimzika Mzee Fulgensi kijijini kwao Sibwesa. Siku hiyo nilipoteza tajiri wangu wa kazi, mwalimu wangu wa udereva na mtani wangu, na wote watatu walikuwa mtu mmoja. Gari lake halikupotea. Lipo Mpanda mjini, linang'aa, na nyie vijana mnaoingia kwenye kazi hii ya kupeleka watu kambini porini mnalifahamu, maana mnapiga picha mbele yake. Ndiyo sababu naandika. Mnaliona gari, hamjui lilikuwa likifanya kazi gani, na aliyelirithi hatawaambia.

Naitwa Idi. Ni Mkonongo, nimesoma hadi darasa la saba, na nimestaafu mwaka huu. Habari za vyeo na mshahara siandiki. Vyeo havikuwapo, na mshahara ukishaliwa hauna hadithi. Nitaandika kazi ilivyokuwa tangu mwanzo. Hasira yangu mtaikuta humo humo njiani. Sitaificha, lakini pia sitaongeza kitu ambacho hakikutokea.

Kabla ya kumjua Mzee Fulgensi nilikuwa utingo kwenye malori ya mbao. Yeye alikuwa fundi wa magari kwa mkandarasi wa barabara. Mkandarasi alipomaliza kazi na kuondoka, Mzee alinunua kwake Land Cruiser moja lililochoka, la milango mifupi ya nyuma, akalilaza gereji na kulifungua lote hadi boliti ya mwisho. Mtaani walidhani atabeba mahindi ya watu wa Magamba. Yeye akasema anataka kupeleka watu wakalale porini. Mpanda ilicheka. Sisi wote tumezaliwa porini, nani atatoa hela yake akalale huko tena? Lakini walikuja: walimu waliotaka kuona viboko kabla ya kuhamishwa, wauguzi, kwaya za parokia, wageni waliokuwa wakipita kwenda ziwani, na baadaye watu wa Dar es Salaam. Gari likawa moja tu mjini la kazi hiyo, na dereva wake nikawa mimi.

Siku ya kwanza sikupewa ufunguo. Mzee alinionyesha lundo la vitu uwanjani kwake, mahema, majiko, ndoo, madumu ya maji, jeki, koleo, panga, mbao mbili za mninga, akaniambia nipakie. Nikapakia vizuri, nikajisifu moyoni. Akazunguka gari, akasema, "Sasa umekwama kwenye tope. Nipe koleo." Koleo lilikuwa chini ya mahema yote. Nikapakua, nikapakia upya, akasema tena, "Umekwama. Nipe mbao." Tulifanya hivyo hadi jua likazama na sikuwa nimewasha injini. Alinipa sentensi moja ambayo nawapa nyie bure: kitu utakachokihitaji ukiwa umekwama kisikae chini ya kitu utakachokihitaji ukiwa umefika. Siku hizi naona mtu kafunga koleo jipya juu ya gari kwa mkanda wa rangi, limekaa kama ua. Mkanda wenyewe haufunguki bila spana, na spana iko chini ya friji.

Jeki yetu ilikuwa ile ndefu tunayoiita jeki ya Tanganyika. Ni chombo kizuri na ni chombo kibaya. Mpini wake ukikuponyoka unapanda kwa nguvu zote za gari, na kama kidevu chako kiko juu yake, meno utayaokota. Mzee alinifundisha kusimama ubavuni, mdomo umefungwa, na kuweka ubao wa mninga chini ya jeki, kwa sababu tope jeusi la mbuga zetu halishikilii kitu. Unapiga jeki, gari linabaki pale pale, jeki ndiyo inayozama. Alinifundisha pia kufunga huba za mbele kabla ya tope. Gari lile ni la zamani, lazima ushuke uzungushe huba kwa mkono ndipo magurudumu ya mbele yavute. "Ukishuka kuzifunga ukiwa ndani ya tope," alisema, "umechelewa, na viatu vyako vimechelewa." Na kupunguza upepo kwenye matairi, ili yakanyage kwa upana. Hayo tu. Hakukuwa na winchi wala taa za harusi juu ya paa.

Kuhusu ndorobo, wale inzi wa porini wanaouma kupitia suruali, dawa yake ilikuwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa, limejazwa mavi makavu ya tembo, limewashwa na kuning'inizwa nyuma ya gari kwa waya. Moshi unawafukuza. Wageni waliposikia ni mavi ya tembo walikunja pua. Baada ya kuumwa mara ya pili waliomba kopo lingine la mbele.

Nieleze na utani, kwa sababu bila huo hamtaelewa yaliyotokea. Mzee Fulgensi alikuwa Mbende. Wakonongo na Wabende kwetu tunataniana, tumewakuta wazee wakifanya hivyo. Yeye aliniita mla nta, kwa kuwa eti Mkonongo akirina asali hana subira ya kuichuja. Mimi nilimwambia Mbende ni mla samaki, akiona mnyama asiye na magamba hajui aanzie wapi. Tulitukanana hivyo mbele ya wageni hadi wengine walidhani tunagombana, mama mmoja wa Arusha akataka kutupatanisha. Mtani ana haki ambazo ndugu hana, na haki kubwa kuliko zote anayo msibani. Anaweza kulala mlangoni jeneza lisipite. Anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka. Anaiga sauti ya marehemu, anamsema, watu wanacheka katikati ya kilio. Hakuna anayekasirika. Anapewa kitu kidogo, anainuka, mazishi yanaendelea.

Sasa niseme kazi ya pili ya gari lile. Haikupangwa. Masika moja tulikuwa tumetoka kambini na walimu, tumefika Kasekese, tukakuta watu wamekaa kando ya njia na mwili umefunikwa kwa kitenge. Alikuwa mama mmoja, amefia hospitali, gari lililokodiwa limewashusha hapo na kurudi kwa sababu mbele hakupitiki. Mzee alishuka, akauliza kwao ni wapi. Kisha akawageukia walimu na kuwaomba washuke wasubiri kwenye kibanda cha chai. Hawakubisha. Tukatoa mahema, tukamlaza yule mama nyuma juu ya turubai, ndugu zake wawili wakakaa pembeni yake, Mzee akavunja tawi bichi akalifunga mbele ya boneti, ili wanaokutana nasi wajue tumebeba nini. Nilikwenda gia ndogo njia nzima. Tulipomfikisha kwao, wanawake walikuja wakashika bodi ya gari kama wanavyoshika mkono wa mtu.

Baada ya hapo hawakuacha kuja. Mvua ikinyesha huku kwetu, mwenye gari linalopita tope si mwenye gari peke yake. Maiti wa Sibwesa, maiti wa vijiji vya njiani, Wakristo, Waislamu, wavuvi waliofia mjini wakitaka kurudi ufukweni, mjamzito aliyeshindwa kufika zahanati, wote walipita nyuma ya gari lile. Kulikuwa na taratibu. Turubai la maiti lilikuwa lake na halikuwahi kuchanganywa na la wageni. Tukirudi tunaosha kwa sabuni na majani ya mlimao, milango inaachwa wazi juani. Mzee hakupokea malipo ya maiti, alipokea mafuta tu. Na taratibu ya mwisho: wageni hatuwaambii, lakini wakiuliza hatuwadanganyi.

Waliuliza mara chache. Bibi mmoja aliuliza kwa nini nyuma hakuna zulia. Nikamjibu. Alihamia kiti cha mbele, akakaa huko safari nzima akiwa ameshika dashibodi, hata tulipokuwa tumesimama. Mwingine, padre mzee aliyestaafu, aliuliza swali hilo hilo, nikamjibu hivyo hivyo, akasema basi hapo ni mahali salama, akajinyoosha nyuma akalala usingizi hadi Sitalike.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, nitaandika moja tu. Tulikuwa hifadhini mwishoni mwa kiangazi na mvua ya kwanza ikatangulia. Mgeni mmoja aliomba tusogee karibu na bwawa la viboko apate picha, nami nikakata kona juu ya udongo uliokuwa umekauka juu tu, kama uji uliopoa. Gari likakaa. Viboko walikuwa karibu kiasi kwamba tuliwasikia wakipumua, na upande wa pili nyati wamesimama wanatutazama kama watu wanaodai haki yao. Mzee alimpa mgeni kazi ya kuangalia nyati na kututajia wakisogea. Mimi na yeye tukapiga jeki gurudumu moja moja, tukaingiza mbao, tukajaza nyasi, tukatoka kinyumenyume. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunilaumu. Akasema Mkonongo halaumiwi kwa tope, kwao hakuna maji, angelijulia wapi.

Mtoto wake wa kiume, Edga, amekulia ndani ya gari hilo. Alisoma Dar es Salaam, akafanya kazi huko na kampuni ya utalii, na miguu ya Mzee ilipoanza kuvimba alirudi kushika shughuli. Nitasema mazuri yake kwanza. Ni mchapakazi, hanywi, na alileta wageni wengi kuliko tulivyowahi kupata. Aliniita baba mdogo na hakunivunjia heshima. Alipiga gari rangi upya. Aliweka bomba la kupumulia injini lililopanda hadi juu ya paa, winchi, taa, hema la kukunja juu, na nyuma akatandika kapeti la kijivu. Nikamuuliza maiti atalazwa wapi.

Akanionyesha simu. Mgeni mmoja alikuwa ameandika mtandaoni, kwa Kiingereza, Edga akanisomea kwa Kiswahili, kwamba gari hili hubeba maiti na kwamba yeye hakupata usingizi kambini. Kundi zima likaahirisha safari. Hilo lilitokea kweli. Edga akasema kuanzia hapo gari la wageni ni la wageni. Watu wa vijijini walipokuja aliwasikiliza kwa adabu, akawatafutia lori, mara nyingine akachangia mafuta. Wao walishukuru na kuondoka. Nami nilipokuwa nyumbani nilisema peke yangu hadi mke wangu akauliza nagombana na nani.

Ninachokasirikia si kapeti. Mtu akinunua kapeti ni lake. Nakasirika kuona gari lililoundwa lipite pasipopitika, halafu linatunzwa lisichafuke. Nakasirika nikisikia vijana mnasema mnataka gari la namna ile kwa ajili ya "adventure", halafu masika mnaliegesha. Masika ndiyo kazi yenyewe. Kiangazi hata baiskeli inafika Sibwesa.

Mzee alilazwa hospitali mwanzoni mwa Machi. Nilikuwa nakwenda kila siku na uji. Jumapili moja alikuwa na nguvu kidogo, akanivuta mkono.

"Mla nta," alisema, "usinipandishe lori. Lori linarusha. Nitafika Sibwesa mbavu zimehama."

"Utapanda gari lako."

"Utaendesha wewe?"

"Mimi."

"Basi punguza upepo ukifika Kasekese. Usije ukanichafua mbele za watu."

Alicheka hadi akakohoa, muuguzi akaja kunifukuza. Alifariki katikati ya wiki.

Nilikwenda kwa Edga asubuhi hiyo hiyo. Nilimkuta uwanjani, macho mekundu, anajibu simu za ndugu. Gari lilikuwa limeoshwa, hema liko juu, limefunikwa. Nilimwambia maneno ya baba yake kama alivyoyasema. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba mdogo, baba atakwenda na lori," alisema. "Nimepata zuri, lina turubai. Gari hii ina wageni wa Pasaka. Ikibeba maiti leo, kesho iko mtandaoni."

"Hata maiti ya mwenye gari?"

"Mtandaoni hawaulizi maiti ya nani."

Jibu la neno hilo hata leo nikikaa nikilitafuta silipati, na hilo nalo linaniudhi. Akaniomba niendeshe gari niwapeleke yeye, mke wake na marafiki zake waliotoka Dar. Nikamwambia aendeshe mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza niliyokataa kazi kwenye gari lile. Nikapanda lori, nikakaa na jeneza pamoja na mjane wake, Mama Edga, na wanawake wa kanisani. Kwa hiyo tulitoka Mpanda hivi: gari la Mzee Fulgensi limetangulia, safi, bila hata tawi, na Mzee Fulgensi mwenyewe yuko nyuma kwenye lori la kukodi, anarushwa.

Kati ya Kasekese na Sibwesa kuna mbuga ya udongo mweusi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Gari la mbele lilipita, lilisimama ng'ambo kwenye changarawe. Lori likaingia nyuma yake, likaenda kidogo, likazama hadi kwenye ekseli. Dereva alijaribu, moshi ukatoka, akazima. Kila mtu akashuka. Na kila mtu, bila kuambiana, akageuka kutazama lile gari la ng'ambo.

Edga akapiga kelele kwamba atavuta lori kwa winchi. Dereva wa lori akamjibu kuwa lori lake na mzigo wa watu si mbuzi wa kuvutwa kwa kamba. Hakuna aliyetaka kumwambia mfiwa alaze baba yake kwenye gari. Wazee wa ukoo walitazama chini. Neno kama hilo likisemwa na ndugu ni ugomvi wa miaka, likisemwa msibani ni laana. Mimi nikaona nina njia moja ambayo wao hawana. Nilivua viatu, nikavuka tope, nikaenda nikalala chali barabarani mbele ya bampa la gari. Nikachukua sauti ya Mzee, naijua kuliko yangu.

"Nani kaniacha kwenye tope na gari ni langu?" nikasema. "Mimi Fulgensi siondoki hapa mpaka mlango wa nyuma ufunguliwe. Mmenipandisha lori kama mahindi. Mahindi yenyewe yangelalamika."

Watu waliangua kicheko. Wanawake waliokuwa wakilia njia nzima walishikana mabega wakacheka. Niliona hata Mama Edga amefunika mdomo kwa kitenge. Nikafurahi, nikadhani nimeshinda. Nikaendelea, nikasema kila nilichokuwa nacho moyoni tangu gari lipigwe rangi, kwamba nililiunda kwa mikono yangu, kwamba limebeba mama za watu na watoto wa watu, sasa mimi ndiye mchafu. Yote nilisema kwa sauti ya Mzee, nao wakacheka yote.

Edga akashuka. Alikuwa na machozi na alikuwa anatabasamu, kwa sababu baba yake alimfundisha vizuri namna ya kumpokea mtani. Akatoa noti, akainama, akaiweka kifuani kwangu.

"Haya, mtani wa baba, umelipwa. Inuka, mzee anachelewa."

Nikainuka. Mtani akilipwa huinuka, sheria ndiyo hiyo na haina rufaa. Nilisimama pale na noti mkononi, matope mgongoni, nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimechagua neno ambalo hakuna anayeweza kulikasirikia, na neno lisilokasirikiwa hakuna anayelazimika kulisikia. Nikajaribu kwa sauti yangu. Nilisema, "Edga, sasa sitanii." Shangazi mmoja wa marehemu, yuko kule kwenye lori, akadakia.

"Mpeni nyingine huyo. Wakonongo hawashibi."

Wakacheka tena. Edga akanipiga piga begani, akarudi kwenye usukani.

Kilichomtoa Mzee pale ni trekta. Mkulima mmoja aliyekuwa akitoka shambani na trela la mpunga alisimama, akatazama jeneza, akaanza kushusha magunia yake kwenye nyasi zenye maji. Hakuombwa. Simjui jina. Vijana wakabeba jeneza juu ya mabega kupitia tope, wakaliweka kwenye trela. Trela halina springi. Lilirusha kuliko lori. Mimi na wanaume wengine tulilala juu ya jeneza kwa vifua vyetu ili lisiruke, na tulikwenda hivyo hadi Sibwesa, kila shimo tunasikia ndani yake kishindo kidogo. Mbele yetu gari lilikuwa limewasha taa zote za dharura.

Katekista alisoma, tukazika. Edga alilia kaburini hadi akashikwa. Alilia kweli. Naandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa kwa hasira niliyokuwa nayo ningependa iwe vingine. Noti yake niliitia kwenye sahani ya rambirambi.

Wageni wa Pasaka walikuja, niliwapeleka. Walikuwa watu wazuri, familia yenye bibi yao, na walisifu gari. Bibi aliuliza ni la nani. Nilimwambia ni la marehemu. Akasema pole. Baada ya hao nilimwambia Edga kwamba mvua zikiisha naacha kazi, atafute dereva. Hakubisha, aliniuliza tu kama nimekasirika. Nilimwambia ndiyo. Akasema anajua, akaniuliza angefanyaje. Nikamwambia angefungua mlango. Tuliishia hapo.

Siku niliyokwenda kukabidhi ufunguo, Mama Edga alikuwa amekaa barazani amevaa nguo za kutoka. Alikuwa amemwomba mwanawe gari aende Sibwesa kusafisha kaburi. Edga akaniomba nimpeleke, iwe safari yangu ya mwisho, akamfungulia mama yake mlango wa mbele. Mama akampita. Akazunguka nyuma, akafungua mwenyewe, akapanda.

"Mama, nyuma hakuna kiti," Edga alisema.

"Najua."

Akalala chali juu ya kapeti, akajifunika kitenge hadi kidevuni, akaweka mikono kifuani. Viatu vyake alikuwa amevivaa. Edga alisimama ameshika ule mlango, hafungi, haachii. Mwisho alifunga, taratibu, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Twende, shemeji," mama akaniambia.

Niliendesha gia ndogo kupita Kasekese na kupita ile mbuga, ingawa haikuhitaji. Sikugeuka nyuma. Tulipofika nikamfungulia na kumpa mkono, nikamuuliza kama ameumia mgongo. Alitikisa kichwa.

"Nilitaka kujua mwenzangu alinyimwa nini," alisema, akaenda kaburini akaanza kung'oa majani. Nikachukua upande wa pili. Tulifanya kazi hadi kaburi likawa safi, tukarudi, safari hiyo akakaa mbele.

Edga alikuwa bado uwanjani. Nilimkabidhi ufunguo mkononi. Aliugeuza geuza, akatazama gari, akamtazama mama yake akiingia ndani, kisha akaniuliza njia ya Sibwesa ikoje siku hizi.

Nikamwambia imekauka, hata baiskeli inafika.